Mguu wa Yona na Maji ya Kuku wa Shelui

Kilichonitoa Njombe ni kidonda cha kaka yangu Yona, kidonda ambacho hakikusikia dawa. Aliyenipigia simu ni wifi yangu Anna, mke wake. Alinikuta nimeinama kwenye cherehani nikimalizia sare za kwaya. Anna si mtu wa kulia ovyo, lakini siku hiyo alilia hadi maneno yakawa yanakatika. "Wifi, wanasema huenda wakaukata mguu," aliniambia. "Njoo umwone kaka yako akiwa bado na miguu miwili."

Nilishangaa, kisha nikakasirika, maana mimi nikishangaa hukasirika. Yona alikuwa amejikata na kipande cha bati juu kidogo ya kifundo cha mguu. Bati! Sisi tuliozaliwa Iramba tumekua tukichomwa na miiba na kujikwaa kwenye mawe. Tulikuwa tunapaka mafuta ya alizeti na kuendelea kuchunga. Na katika nyumba yetu Yona ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Alijivunia kwamba hajawahi kumeza kidonge tangu azaliwe. Homa ikimshika, alijifunika blanketi, akanywa uji wa mtama na kuingoja homa ikate tamaa yenyewe. Mtu wa namna hiyo anashindwaje na bati?

Alfajiri nilipanda basi la kwenda Dodoma. Ukungu wa Njombe ulikuwa mzito kiasi kwamba kondakta alinitambua kwa sauti. Tulipita Makambako, tukapita Iringa, na tulipoanza kuteremka kuelekea Mtera joto likatupokea, nikavua sweta na kulikalia. Abiria wenzangu walinunua samaki wa kukaanga pale bwawani. Mimi sikuweza kula. Nilikuwa namwaza Yona na baiskeli yake, na matenga ya kuku aliyokuwa akiyapakia nyuma miaka ile alipokuwa anaianza biashara, akizunguka vijiji vya Iramba kununua kuku mmoja mmoja. Mguu kwake ni kazi.

Asubuhi ya pili niliondoka Dodoma. Kuanzia Manyoni nilikisikia Kiswahili cha kwetu, kile kisicho na madoido, na moyo ukatulia kidogo. Alizeti zilikuwa zimekauka mashambani, vichwa chini. Ikungi basi liliposimama, wauza kuku walizunguka madirisha wakiwa wamewashika kuku miguu. Mama aliyekaa mbele yangu alinunua jogoo mwekundu. "Huyu ni wa kienyeji kabisa, mama," muuzaji alimhakikishia. "Hajui dawa wala sindano. Anakula alichookota." Nilitabasamu kwa fahari, kama vile nilimfuga mimi. Ninyi wenzangu wa Njombe mnajua tunavyomsifu kuku wa Singida huku, tunavyosema supu yake pekee ni tiba.

Nilifika Singida mjini adhuhuri. Upepo wa pale una tabia ya kukupekua, unaingia kila mahali. Nilishika khanga kwa mkono mmoja na begi kwa mwingine. Niliacha mizigo kwenye nyumba ya wageni Utemini, nikaenda moja kwa moja hospitali.

Nilimnusa kaka yangu kabla sijamwona. Nasema hivyo kwa uchungu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Harufu ilinipokea mlangoni mwa wodi, na nilipofika kitandani nikakuta mwanaume niliyemjua mnene amebaki mifupa, mguu umeinuliwa juu ya mto na kufungwa bandeji iliyolowa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekuja kunizika?"

"Nimekuja kukugombeza. Kuzika wataniita baadaye."

Alicheka, kisha akakunja uso kwa maumivu. Aliniambia amechomwa sindano za kila aina, tangu kituo cha afya hadi hapa. "Mimi niliyekuwa sijui kidonge," alisema. "Sasa ninywe nisinywe, ni sawa na kumpigia mbuzi gitaa."

Daktari wa wodi, kijana mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri, alinieleza kwa upole. Usaha ulikuwa umefika kwenye mfupa. Walikuwa wamebadilisha dawa kila mara bila nafuu, kwa hiyo walichukua usaha na kuupeleka maabara ukaoteshwe, yaani bakteria walioko kidondani wakuzwe kwenye sahani na kujaribiwa dawa moja baada ya nyingine, ijulikane ipi inawaua.

"Daktari, samahani," nilimkatiza. "Huyu hajatumia dawa maishani mwake. Mwili wake umezoeaje dawa ambazo hajawahi kuzionja?"

"Mwili hauzoei dawa, mama. Wanaozoea ni bakteria," alijibu. "Na hawa wa kwake walishazoea kabla hawajamfikia."

Walizoea wapi? Kwa nani?

Mchana huohuo majibu yalitoka. Mtaalamu wa maabara alikuwa binti mmoja aitwaye Salma, mzaliwa wa Ilongero, mwenye hijabu ya bluu na sauti ya haraka. Aliniamkia, nikaitikia, akaniambia nisimame nje ya dirisha la kioo. Kisha akaniinulia sahani mbili ndogo zenye vifuniko.

Ya kwanza ilikuwa ya mgonjwa mwingine. Juu ya utando mweupe wa bakteria palikuwa na vidoa vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake, na kila kidoa kilikuwa kimezungukwa na duara safi ambapo bakteria wote wamekufa. Ilipendeza kama kitambaa cha vitone. "Huyu atapona hata kwa dawa za kawaida," Salma alisema. Kisha akainua ya Yona.

Utando ulikuwa umejaa sahani nzima. Bakteria walikuwa wameota hadi kwenye ukingo wa vile vidoa vya karatasi, wameegemea dawa kana kwamba ni ukuta wa nyumba yao. Nilitafuta duara safi, sikuliona. Nilisogea hadi pua ikagusa kioo.

"Tazama hapa pembeni," Salma aliniambia. Kidoa kimoja, kimoja tu, kilikuwa na duara jembamba. "Hii ndiyo iliyobaki. Ni ya sindano, haitolewi ovyo, na hapa imeisha. Tumeshaiagiza Dodoma." Alishusha sahani. "Alijikatia wapi?"

"Nyuma ya ua wake, Shelui. Alikuwa anazibua mfereji wa maji ya kuku."

"Na hayo maji yana nini?"

"Maji ni maji," nilimjibu kwa ukali. Salma aliliandika swali lake kwenye daftari, na nikajua kwamba hilo halikuwa jibu.

Siku hiyohiyo daktari alituambia mimi na Yona tusubiri dawa hiyo ifike na kufanya kazi. Kama mfupa ungeitikia, mguu ungebaki. Kama usingeitikia, wangeukata kabla sumu haijaingia kwenye damu. "Tukishindwa kuokoa mguu, tumwokoe mtu," alisema. Salma naye alikuwa na ombi. Alinikabidhi glavu na chupa zenye vifuniko vilivyofungwa, akanifundisha namna ya kuchota. Alitaka maji na matope ya mahali Yona alipoumia.

Asubuhi iliyofuata nilipanda basi linaloelekea Nzega. Baada ya Misigiri barabara inafika ukingoni, na unaiona mbuga ya Wembere chini, pana, imetandikwa hadi macho yanakoma. Malori yalikuwa yanateremka Sekenke taratibu yakilia breki. Chini kabisa kuna joto la namna nyingine, na kuna Shelui, maduka kushoto na kulia, malori yamepanga mstari, nyama choma, mafundi wa matairi na betri, na nyuma ya maduka sauti ya kuku, mamia ya kuku, kama soko linalogombana.

Anna alinipokea kwa kunikumbatia muda mrefu. Alikuwa amebaki ili biashara isife, maana fedha za matibabu zilikuwa zinatoka humo humo. Alinipa ugali, mchicha na kachumbari, nikala sahani nzima na kuomba nyongeza. Niliusifu mchicha. Majani yake yalikuwa mapana na laini, mahali ambapo kila kitu kingine kilikuwa kimekauka.

Alasiri nilimkuta uani, amechuchumaa kando ya ndoo. Alikuwa anafungua vidonge vya rangi mbili, vile vya gamba tunavyopewa sisi watu tukiwa na kikohozi, anamwaga unga wake kwenye maji na kukoroga kwa mwiko. Maji yakageuka manjano hafifu.

"Wifi, unafanya nini?"

"Nawapa kuku chai ya safari," alisema bila kuinua kichwa. "Hawa wanatoka Ndago, wanatoka Kinyangiri, wengine Mkalama ndani kabisa, kila mmoja na ugonjwa wake. Bila chai, tenga likifika Dar es Salaam nusu ni mizoga."

"Na kila siku mnawapa?"

"Kila wanapofika, kila kabla hawajaondoka. Wakati mwingine kidogo kidogo katikati. Kila ua hapa unafanya hivyo."

"Na Yona?"

"Yona ndiye bingwa wa kuchanganya. Ana mkono wa kipimo."

"Yona asiyemeza kidonge?"

Anna aliinua kichwa, akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la kitoto. "Yeye hamezi, wifi. Kuku ndio wanameza."

Nilikaa chini kwenye gogo. Nilimkumbuka yule jogoo wa Ikungi asiyejua dawa wala sindano. Lakini nilikuwa bado sijaona kitu.

Kuku walipokunywa wakaacha, Anna alikusanya maji yaliyobaki kwenye vyombo, yamechanganyika na kinyesi na manyoya, akayamimina kwenye mfereji uliokuwa unatoka nje ya ua. Ninyi mnaoamka na mvua hamwezi kuelewa, lakini nchi kavu ina adabu yake juu ya maji. Kwetu maji hayamwagwi chini bure. Ya kuoshea vyombo yanakwenda kwa mbuzi, ya kuogea yanakwenda kwenye mpapai, na mtoto anayemwaga maji njiani anakemewa hata na mpita njia. Shelui wafanyabiashara wa kuku wameifanya adabu hiyo kuwa mpango. Mifereji ya nyua zote inakusanyika nyuma, kwenye dimbwi walilolichimba kwa pamoja, na kulizunguka dimbwi hilo wamepanda mboga.

Nilifuata mfereji hadi pale. Dimbwi lilikuwa la kijani, limetulia, linatoa mapovu madogo. Upande mmoja palikuwa na sehemu ya kunyonyolea kuku, na damu na maji ya moto vilikuwa vinaingia humo. Upande wa pili vyoo viwili vilikuwa vimeinamia bonde, na chini yake udongo ulikuwa umelowa. Maji ya fundi betri yalikuwa yanashuka kutoka barabarani. Na katikati ya mambo hayo yote, mchicha ukiwa umestawi, mpana, laini. Nami nilikuwa nimeomba nyongeza.

"Hapa ndipo alipojikata," Anna alisema nyuma yangu. "Bati lilikuwa limeziba mdomo wa mfereji. Damu ilitoka nyingi, lakini alinawa hapohapo, akaloweka mguu kabisa."

"Alinawa humu? Kidonda?"

"Si maji yana dawa, wifi? Wote hapa tukijikata tunanawa humu. Ni bora kuliko ya bomba, maana ya bomba hayana kitu."

Sina maneno ya kuwaeleza nilivyojisikia. Nilitaka kupiga kelele. Mtu aliyekataa dawa maisha yake yote alikuwa ameuamini uchafu kwa sababu una dawa ndani yake.

Nilivaa glavu, nikachota kama nilivyofundishwa. Watu walianza kukusanyika kuangalia mwanamke wa mjini anayeweka matope kwenye chupa. Miongoni mwao alikuja Mzee Athumani, ambaye ndiye mkubwa wa wafanyabiashara wa kuku pale, mtu wa heshima, kofia nyeupe na fimbo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Naambiwa umekuja kutuchotea matope."

"Nayapeleka kupimwa, mzee wangu."

"Matope nayo yanaumwa?" Watu wakacheka. Akaendelea kwa upole, akiniwekea mkono begani. "Sikia, binti yangu. Dawa inaua wadudu. Dimbwi lenye dawa ni dimbwi safi. Angalia mboga zetu. Sisi hapa tumetengeneza hospitali ya bure."

Mdomo wangu hauna mlango, lakini mbele ya mzee yule niliufunga. Hakuwa mjinga wala mwovu. Alikuwa amefikiri sawasawa kutoka pale alipoanzia, na mimi mwenyewe, kabla ya kuiona ile sahani ya Salma, ningekubaliana naye.

Siku iliyofuata nilirudi Singida na chupa zangu kwenye kopo lenye barafu, nikamkabidhi Salma na kumsimulia yote niliyoyaona. Yona alikuwa ameanza sindano mpya. Homa ilikuwa imeshuka na alikuwa ameomba uji, nikapata tumaini. Ilibidi Salma apewe muda wa kuotesha matope, na katika kusubiri nilikuwa nakwenda asubuhi kumlisha kaka, jioni natembea Utemini bila kuona ninachokitazama. Sikumwambia kitu juu ya dimbwi.

Salma aliponiita tena kwenye kioo, alikuwa na sahani nyingi. Hakutabasamu.

"Mama, hawa wa dimbwini ndio walewale wa kidondani, wanakataa dawa zilezile," alisema. "Hilo nililitegemea. Sikulitegemea hili." Akanyanyua sahani nyingine, kisha nyingine. "Huyu ni aina tofauti kabisa, anaishi tumboni mwa binadamu. Huyu ni wa tumbo la kuku. Huyu ni wa matope tu, hata hamuumizi mtu. Ni koo tofauti, hawana udugu. Lakini angalia."

Niliangalia. Sahani zote zilikuwa zimejaa hadi kwenye karatasi.

"Wamefundishwa wote kwa pamoja?" niliuliza.

"Wamefundishana." Alifikiri kidogo. "Mama, ulipokuwa mdogo, moto ukizimika jikoni mlifanyaje?"

"Tulikwenda kwa jirani kuomba kaa la moto."

"Na jirani aliyewapa, moto wake ulizimika?"

"Hapana. Anabaki nao, na sisi tunao."

"Basi ndiyo hivyo. Ujanja wa kukataa dawa umeandikwa ndani ya bakteria, kwenye jeni. Wengine wameuweka kwenye kipande kidogo cha mviringo kama bangili. Akigusana na mwenzake anatengeneza nakala na kumpa, yake anabaki nayo. Na hawaulizani kabila. Wa tumboni anampa wa matope, wa matope anampa wa kidondani. Hata mmoja akifa, maandishi yake yanaweza kubaki kwenye matope, mwingine akapita akayaokota."

"Kwa nini pale dimbwini hasa?"

"Kwa sababu pale wote wamekutana, wa vyooni, wa kuku, wa udongo, na kila siku mnawamwagia dawa kidogo. Haitoshi kuwaua wote. Inaua wanyonge, wajanja wanabaki peke yao na chakula kingi. Kinachotoka kwa fundi betri kinaweza kusaidia kazi hiyohiyo, maana mara nyingi anayejua kuvumilia madini anajua pia kuvumilia dawa. Kuthibitisha kwamba ni jeni ileile ndani ya wote kunahitaji mashine ya maabara kubwa, nami nimeshapeleka. Lakini kwa macho yangu sina shaka sana."

Nilimuuliza swali lililokuwa linanichoma. Angalau kuku walikuwa wanapona?

Salma alitikisa kichwa. "Kinachowamaliza sana ni mdondo, mama. Mdondo ni kirusi. Dawa hizi haziwezi kukigusa kirusi hata kidogo. Mdondo una chanjo, tone moja jichoni, kabla kuku hajaugua."

Yaani yote ile, chai, dimbwi, mguu, ilikuwa ni kwa ugonjwa ambao dawa haiujui! Nilitoka nje nikasimama kwenye upepo, nikalia kwa hasira. Akina mama waliokuwa wamekaa kwenye majani wakingoja saa ya kuona wagonjwa walininyamazisha wakidhani nimefiwa.

Ilibidi Yona aambiwe, na sikutaka asikie kwa mwingine. Nilimweleza kila kitu, moto wa jirani na bangili na matope. Alisikiliza akitazama dari. Kisha akasema, "Kwa hiyo niliwafuga mwenyewe."

Kesho yake daktari alikuja na uso ambao nimeshaujifunza. Dawa ya mwisho ilikuwa imeizuia sumu isisambae, lakini kipande cha mfupa kilikuwa kimeshakufa, na dawa haimfufui aliyekufa. Walimkata mguu chini ya goti. Anna alifika kutoka Shelui na tukakaa pamoja kwenye benchi, mkono wake ndani ya mkono wangu, hadi walipomtoa amelala. Blanketi lilikuwa limelala chini pale ambapo mguu ulipaswa kulinyanyua. Anna alipaona, akapatandaza kwa kiganja, akapalainisha, kama mtu anayetandika kitanda.

Kidonda kipya kilikauka. Sindano ile iliyokuwa na duara jembamba ilikuwa inafanya kazi yake, na kila asubuhi muuguzi aliyekuja nayo aliitaja kwa jina, Yona akalirudia kwa mzaha hadi wodi nzima ikalijua kama wimbo.

Mchana mmoja kabla sijaondoka, wafanyabiashara wa Shelui walikuja kumwona, Mzee Athumani akiwa mbele. Walileta supu, walileta michango yao, walimwombea dua na sala, kila mtu kwa imani yake. Mzee alifuta machozi alipoliona lile blanketi. Yona, akiwa ameegemea mto, aliwasimulia mwenyewe. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi vile. Aliwaambia juu ya dimbwi, juu ya vidonge, juu ya mdondo usiotibika na matone ya jichoni.

Mzee Athumani alikuwa ameinamisha kichwa, anakitikisa, nikajua kwamba limemwingia.

"Kweli kabisa," alisema. "Hata sisi tumeona. Siku hizi chai haifanyi kazi kama zamani. Kuku wanakunywa na bado wanakufa. Na matone hayo, Yona, ni mpaka mwenye kuku kijijini ayatie mapema. Sisi tunanunua leo, kesho tenga linapanda lori." Akasogeza kiti karibu na kitanda, akashusha sauti kama mtu anayeulizia njia. "Sasa hii sindano iliyokuokoa wewe, hii kali. Inaitwaje?"

Wenzake wote walisogea. Mmoja alikuwa ameshatoa simu ili aandike.

Nililiona lile dimbwi, na sindano hiyo ikimiminwa ndani yake. Yona alimtazama mzee wake, mtu aliyemfundisha biashara, aliyetoka Shelui kuja kumlilia. Midomo yake ilifunguka, nami nikadhani atalitaja.

"Limenitoka, mzee," alisema. "Kichwa changu hakishiki majina ya dawa."

Mzee alinigeukia mimi. Nilisema sijui kusoma maandishi ya madaktari. Alimgeukia Anna, na Anna akaanza kukusanya vikombe vya supu.

Nilirudi Njombe kwa njia ileile, Ikungi na kuku wake madirishani, Mtera na samaki wake. Safari nzima nilikuwa naitazama mifereji. Sikujua nchi yetu ina mifereji mingi hivyo, na kila mmoja unakwenda kukutana na mwenzake. Nilichojifunza ni kwamba dawa haimalizikii mwilini mwa aliyemeza. Inatoka, inafika mahali, inawakuta wengine, na huko kuna maisha yanayojifunza haraka kuliko sisi na kugawana kwa ukarimu kuliko sisi. Nilidhani usugu wa dawa ni habari ya watu wanaokunywa dawa hovyo. Kaka yangu hakunywa, na leo anatembea kwa magongo.

Juzi mteja wangu mmoja, mama ninayempenda sana, alikuja kuchukua gauni na akaketi nimhadithie. Alilia na mimi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alipofuta macho aliniambia nguruwe wake wanakohoa, dawa zote zimeshindwa, akaniomba nimwandikie jina la ile sindano. Nilimwambia limenitoka. Nanyi mliosoma hadi hapa mmeshaona kwamba sijaliandika, na msinipigie simu kuniuliza.